Maonyesho ya Wanafunzi wa Sanaa za Ufundi: Hoja Kutoka Bukoba na Muleba

Mtunzi wa shairi katika nchi hii ana bahati moja ambayo mchoraji hajaipata. Shairi likitoka gazetini, hazipiti siku nyingi kabla mtunzi mwingine hajajitokeza kulijibu. Atamwambia mwenziwe kwamba mizani imepungua katika ubeti wa tatu, au kwamba kina cha kati kimelegea, au kwamba hoja yenyewe haina miguu. Aliyetunga atakasirika, atajibu, na katika majibizano hayo wote wawili watakuwa wamejifunza. Sisi tulioshika kalamu ya ushairi kwa miaka mingi, huku tukila mshahara wa ofisi za serikali, tumelelewa na majibizano hayo kuliko tulivyolelewa na kitabu chochote.

Mchoraji kijana hana wa kumjibu. Picha yake hutundikwa siku moja kwa mwaka, siku ya mahafali. Mgeni rasmi hupita mbele yake akiongozwa na mkuu wa shule, hutikisa kichwa, husema kwamba vijana wetu wana vipaji, kisha huelekea mahali palipoandaliwa chakula. Kesho yake picha huondolewa ukutani. Makala haya yanahusu siku hiyo moja, na yanauliza kama siku hiyo inamfundisha kijana jambo lolote. Tunaliuliza swali hili tukiwa tumeelekeza macho Bukoba na Muleba, kwanza kwa sababu huko ndiko tunakokufahamu, na pili kwa sababu nchi ile ya migomba na ziwa ina hazina ya ufundi wa mkono ambayo maonyesho ya wanafunzi hayajajua kuitumia.

Desturi ya kuonyesha kazi za wanafunzi wa uchoraji katika Afrika Mashariki ilikulia upande wa pili wa mpaka wa Mutukula. Mwaka 1937 Bibi Margaret Trowell, Mwingereza, alianza kufundisha sanaa Makerere, Kampala. Mwaka 1939, kabla mbegu yake haijatimiza miaka mitatu, kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London. Kutoka darasa lile dogo ilizaliwa shule ya sanaa ambayo baadaye ilipewa jina lake. Mpaka mwaka 1961, kilipofunguliwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, kijana wa Tanganyika aliyetaka elimu ya juu bila kuvuka bahari alikwenda Makerere, na kwa mtu wa Bukoba safari hiyo ilikuwa fupi kuliko ya kwenda Dar es Salaam, ambako ni zaidi ya kilomita 1,000.

Trowell alikuwa na njia yake ya kufundisha. Hakutaka wanafunzi wakae kunakili picha za Wazungu. Aliwasimulia kisa au tukio la kijijini, kisha kila mmoja alichora alichokiona kwa macho ya ndani. Njia hiyo ilikuwa na heri na ilikuwa na kasoro. Heri yake ni kwamba ilimwambia kijana kuwa kwao kuna mambo ya kuchorwa. Kasoro yake, kwa maoni yetu, ilikuwa kumfungia kijana mlango wa kujua wenziwe wa nchi nyingine wamefanya nini, kana kwamba Mwafrika huharibika kwa kujua. Cecil Todd, aliyeshika uongozi wa shule hiyo mwaka 1958, aliufungua mlango huo: akaleta nadharia ya rangi, historia ya sanaa ya Ulaya, na nidhamu ya kuchora kitu kilicho mbele ya macho. Wako wanaomsifu Trowell wakimlaani Todd, na wako wanaofanya kinyume. Sisi hatuoni haja ya kuchagua mmoja. Wote wawili waliacha swali moja bila jibu: nani ahukumu? Mwaka 1939 aliyehukumu alikuwa mtazamaji wa London, ambaye hata kama alikuwa na nia njema, hakuweza kujua kama jembe lililochorwa limeshikwa sawasawa.

Sam Ntiro ndiye Mtanzania aliyetoka katika darasa hilo akawa na jina kubwa. Alizaliwa Machame mwaka 1923, akasoma Makerere, akaendelea katika shule ya Slade huko London, akarudi Makerere kufundisha. Uhuru ulipopatikana alikuwa Balozi wetu wa kwanza Uingereza, na baadaye aliitumikia nchi katika mambo ya utamaduni na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mpaka karibu na mwisho wa maisha yake. Alifariki mwaka 1993. Picha aliyoichora mwaka 1956, ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, imo katika hazina ya Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Tunaitaja picha hiyo kwa makusudi. Mhaya yeyote akiambiwa habari yake atacheka kwa furaha, maana rubisi anaijua, msafara wa posa anaujua, na giza la mgombani analijua. Mwalimu wa Muleba angeweza kufundisha muhula mzima kwa picha hiyo moja: mzigo hubebwaje, usiku huchorwaje, watu wengi huwekwaje katika karatasi moja bila kugongana. Picha yenyewe iko ng'ambo ya bahari, na shule zetu nyingi hazina hata nakala yake.

Wahakiki wengine walimwona Ntiro kuwa mchoraji wa kitoto, kwa kuwa watu wake ni wadogo na umbali katika picha zake haufuati sheria za Ulaya. Sisi tunaona walikosea mahali pa kutazama. Ntiro alikuwa akichora kazi. Watu wake wanalima, wanavuna, wanabeba, wanajenga, na kila mmoja anafanya jambo ambalo mchoraji alilijua kwa mikono yake kabla ya kulijua kwa brashi. Ujuzi huo ndio tunaoukosa katika kuta za mahafali.

Na sasa tuziendee kuta hizo. Katika shule moja ya Wilaya ya Muleba, ambayo hatuitaji, tulihudhuria maonyesho ya mahafali yaliyokuwa na picha zipatazo thelathini. Zilizosifiwa kuliko zote zilikuwa mbili. Ya kwanza ilionyesha nyumba ya asili ya Wahaya: kuta za udongo za mviringo, paa la nyasi juu yake kama kofia, mti wa mgunga pembeni, na kwa mbali mlima wenye theluji. Rangi zilipakwa kwa uangalifu mkubwa, na mkono wa kijana ulikuwa mwepesi. Ila nyumba ile haikuwa ya Wahaya. Msonge hauna ukuta wa udongo wenye paa juu yake. Nyasi za msonge huanzia kileleni zikashuka mpaka chini, nyumba nzima ikawa kitu kimoja, na mlango ukachomoza mbele kama uso. Fundi wa msonge hufikiri kwa pete: pete juu ya pete, kubwa ikifuata ndogo, toka kilele hadi ardhini. Kijana aliyechora picha ile alikuwa amechora nyumba ya kadi za watalii, nyumba isiyo ya mahali popote. Mgunga nao si mti wa mgombani, na mlima wa theluji uko upande mwingine wa nchi. Kati ya dirisha la darasa alilochorea na ziwa kulikuwa na kibanja, na ng'ambo ya kibanja kulikuwa na rweya, ile mbuga ya nyasi fupi inayobadilika rangi mara tatu kwa siku. Hakuvichora hivyo.

Picha ya pili ilionyesha mwanamke akisuka, na pembeni yake kikapu kilichokwisha. Mgeni rasmi aliisimamia kwa muda, akaisifu kwamba inadumisha mila. Alipokwisha kupita, bibi mmoja aliyekuja kwa ajili ya mjukuu wake aliikaribia, akaitazama kwa utulivu, kisha akamwita mchoraji.

“Mwanangu,” akasema, “kikapu hiki hakisukwi. Kinashonwa.”

“Nimechora kutoka kwenye kalenda, Ma,” kijana akajibu kwa heshima, huku akiinamisha kichwa.

Bibi akamweleza. Mwanamke wa kwenye picha alikuwa akisuka ukili mpana, kama wafanyavyo watu wa pwani wanapotengeneza mikeka na makapu. Lakini kikapu kilichowekwa pembeni yake kilikuwa cha Kihaya, ambacho hujengwa kwa kuzungusha fungu jembamba la nyasi na kulishona juu ya mzunguko uliotangulia, tundu kwa tundu, kwa sindano nene. Mwanamke yule asingeweza kukipata kikapu kile kwa kazi aliyokuwa akiifanya. Kijana alitazama picha yake kama mtu aliyesomewa barua kwa mara ya kwanza. Tunadiriki kusema kwamba uhakiki pekee uliotolewa siku ile ulitoka kwa bibi huyo, wala jina lake halikuwamo katika ratiba.

Kosa la kijana si kosa la mkono. Kazi ya shule ilikuwa kumpeleka kwa mshona vikapu kabla ya kumpa karatasi, na kumleta mshona vikapu mbele ya picha kabla ya kumleta mgeni rasmi. Mwalimu wake naye hatumlaumu sana. Huyo ni mtu mmoja mwenye madarasa mengi, rangi chache, na chumba ambacho asubuhi hutumiwa kwa somo jingine.

Wengine watasema kwamba mchoraji si fundi wa vikapu, na kwamba sanaa ina uhuru wake. Ni kweli. Mchoraji akitaka kuweka mlima wa theluji juu ya Ziwa Viktoria, na aweke, mradi ajue anachokifanya, kama mshairi anavyoweza kuvunja mizani akiwa na sababu. Anayevunja kanuni asiyoijua hajavunja kitu, amejikwaa tu. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesoma Makerere, alipochora kuta za kanisa kuu la Fort Hall huko Kenya, mji uitwao leo Murang'a, mwaka 1959, aliyaweka maisha ya Yesu katika nchi ya Waafrika, na watu wa mahali pale wakajiona ukutani. Uhuru aliutumia, tena uhuru mkubwa, lakini nchi aliyoichora aliijua. Njau huyohuyo ndiye aliyekuwa akiwaonya wachoraji wenziwe daima dhidi ya kunakili.

Hazina ya Kagera ni ya zamani kuliko shule zote tulizozitaja. Katika miamba ya Bwanjai, nchi ya Kiziba, ambayo siku hizi iko katika Wilaya ya Missenyi, kuna michoro ya rangi nyekundu ya watu na ng'ombe iliyofanywa kwa mistari michache sana, hata ng'ombe akawa pembe na mgongo tu. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba kuchora kwa ufupisho ni uvumbuzi wa Ulaya wa karne ya 20 angepelekwa kwanza Bwanjai. Huko Katuruka na Kemondo, wachimbuzi wa mambo ya kale wakiongozwa na Peter Schmidt walipata mabaki ya tanuri za chuma za yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, pamoja na vyungu vya aina iitwayo Urewe, vyenye michirizi iliyochorwa kwa ncha kabla udongo haujakauka. Mwaka 1978 Schmidt na mwenziwe Donald Avery waliutangazia ulimwengu kwamba mafundi wa Kihaya walijua kutengeneza chuma cha pua kwa njia ya kupasha hewa moto kabla haijaingia tanurini, na walilithibitisha hilo kwa msaada wa wazee waliokumbuka kazi hiyo na kuijenga tanuri upya. Tuzingatie neno hilo: wazee waliulizwa. Mwanachuoni wa ng'ambo alijua kwamba mjuzi ni yule mzee aliyewahi kushika mvukuto, akamwendea. Mwalimu wa sanaa wa Muleba, ambaye wazee hao ni jirani zake, anahitaji nini zaidi?

Hata sanaa ya sauti ya huko ina somo la kutupa. Mpiga nanga wa Kihaya hakujifunza kwa kutunukiwa cheti. Aliimba tenzi zake mbele ya watu waliozijua, katika baraza la mtawala au penye rubisi, na alipokosea ukoo wa shujaa alisahihishwa palepale. Profesa M. M. Mulokozi, aliyezichunguza tenzi hizo kwa shahada yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986, ametuonyesha jinsi utunzi wake ulivyofungamana na hadhira. Hadhira ilikuwa sehemu ya shule. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, kiliifuata kanuni hiyo kwa upande wa ngoma na maigizo: tamasha lake la kila mwaka liliwaweka wanafunzi mbele ya wananchi, na mcheza ngoma wa Bagamoyo akikosea hatua mbele ya watu wa Bagamoyo hahitaji kusubiri matokeo ya mtihani. Sanaa za ufundi zilikuwamo katika chuo hicho, lakini picha haina miguu ya kuchezea, na mtazamaji wake huona haya kusema.

Nje ya Afrika, vyuo vingi vya Marekani vinavyotoa elimu ya jumla humruhusu mwanafunzi wa fizikia au historia kushika brashi na udongo kama sehemu ya masomo yake. Humo kazi hutundikwa ukutani kila baada ya majuma machache, mwenye kazi husimama kando yake, na wenziwe pamoja na mwalimu huijadili mpaka jasho limtoke. Maonyesho ya mwisho wa mwaka huja baada ya majaribio mengi ya namna hiyo. Katika chuo cha Black Mountain, kilichoishi kuanzia mwaka 1933 mpaka 1957, sanaa iliwekwa katikati ya elimu yote, na Josef Albers, Mjerumani aliyekimbilia huko mwaka ule wa 1933, alijulikana kwa kusema kwamba lengo lake ni kuwafumbua watu macho, wawe wachoraji au wasiwe. Hatuvitaji vyuo hivyo ili tuviige. Vina fedha ambazo sisi hatuna, na chuo chenyewe cha Black Mountain kilikufa kwa ufukara. Tunavitaja kwa sababu majadiliano ya ukutani hayagharimu fedha. Yanahitaji misumari, ukuta, na watu wenye ujasiri wa kusema kweli kwa adabu.

Jambo hili limekuwa la haraka kuliko zamani. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeipa sanaa nafasi katika shule za msingi, na katika sekondari umefungua mkondo wa amali ambamo sanaa nazo zimo. Mwalimu Nyerere alitaka katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, kwamba shule iwe sehemu ya maisha ya jamii inayoizunguka. Nafasi hiyo ikijazwa kwa kalenda na kadi za watalii, tutakuwa tumewafundisha watoto wengi zaidi kuchora nyumba isiyo yao, tena kwa idhini ya serikali. Na wale wanaojua msonge hujengwaje wanazeeka. Misonge yenyewe siku hizi ni ya kutafutwa. Mchoro sahihi wa mwanafunzi unaweza kuwa kumbukumbu ambayo mjukuu wake ataitegemea. Mchoro wa uongo nao utategemewa vilevile, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu karatasi haina namna ya kumwonya anayeisoma.

Tunayo mapendekezo machache, tukiyatoa kama watumishi wa umma waliozoea kuulizwa gharama ya kila kitu. Shule isitundike picha yoyote ya kazi ya mikono kabla mwenye kazi hiyo hajaitazama. Mwanafunzi anayechora mvuvi wa Bumbire akaketi mwaloni na mvuvi. Anayechora kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ambacho mgeni hukaribishwa nacho, akishone kwanza hata kama kitapinda. Siku ya maonyesho mwanafunzi asimame kando ya kazi yake, na watazamaji waruhusiwe kuuliza. Mgeni rasmi naye aulize swali moja, hata kama ni moja tu, kabla ya kusifu.

Pia maonyesho yatoke shuleni. Makumbusho ya Kagera mjini Bukoba yana zana za kale na picha za wanyama wa porini. Kazi za wanafunzi zikiwekwa karibu na zana hizo, mtu angeweza kulinganisha mchoro na kitu chenyewe kwa kugeuza shingo. Kule Kamachumu na Nshamba zipo siku za gulio ambazo watu hukusanyika bila kualikwa. Ukuta wa ghala la kahawa ungetosha. Mvua ndiyo adui, maana Bukoba hunyesha karibu mwaka mzima, kwa hiyo picha zifunikwe kwa nailoni na ziondolewe kabla ya saa kumi.

Linabaki suala la kuhifadhi, na hapa tuseme wazi kwamba picha ile ya kikapu, mwaka mmoja baadaye, tuliikuta imeziba dirisha lisilo na kioo. Kila shule yenye somo la sanaa iwe na sanduku la bati lenye kufuli, na daftari la kuandika jina la mchoraji, mwaka, kitu kilichochorwa, na jina la fundi aliyeulizwa. Ufunguo akae nao mwalimu wa sanaa, na akihamishwa aukabidhi kwa maandishi kama anavyokabidhi vitabu.